Globu ya Ukumbini kwa Bi Pili

Ami Haji,

Toka ututoke, kibanda chako cha redio hapa Kikwajuni nakifungua mimi. Wateja wananiita fundi. Naitika naam, lakini kila redio inapowekwa mezani bado najiona mwanafunzi.

Nimekosa, Ami. Bi Pili, jirani yetu aliyetoka kisiwa cha Tumbatu, alileta redio yake mara tatu. "Mwanangu, inanguruma, sisikii kitu." Hapa kibandani ilisema safi kabisa, nikamrudishia. "Nzima hii, Bi Pili." Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali. Ungekuwapo ungenitazama tu, ningejua.

Unajua anavyoyasikiliza matangazo ya vifo. Siku moja baada ya hapo alishika neno Tumbatu, kisha mngurumo ukameza yaliyobaki. Aliyetangazwa alikuwa kaka yake, Ami. Mtoto wa marehemu alipompata kwa simu, watu walikuwa wanarudi makaburini. Hakumuona uso.

Ndipo nikaenda kwake, nyumba ya nne tu kutoka kibandani. Nikazima feni, mngurumo uleule. Nikachomoa chaja ya simu, uleule. Nikazima taa ya ukumbini, na msomaji wa redioni akasikika kama kakaa nasi kwenye mkeka. Nikaiwasha tena nihakikishe. Ikanguruma.

Globu ile nimemfungia mimi, Ami, baada ya kukuzika. Nilimwambia inakula umeme kidogo, sikujua kuwa inaingilia mawimbi ya redio.

Nikamueleza yote palepale. Hakunitukana. Akasema, "Mie nilidhani masikio yangu yamekufa."

Sasa situlii. Globu za aina ile nimezifunga nyumba ngapi hapa mtaani? Napita mlango kwa mlango, nabisha hodi, nazitoa. Wengine wananicheka. Saa ya matangazo ikifika naacha kazi. Nasikiliza kila jina, na nawaza ndugu yake gani hasikii.

Kesho kuna kisomo cha hitima ya kaka yake huko Tumbatu. Bi Pili kaniomba nimsindikize. Sijui watu wake nitawatazama vipi. Nakuahidi nitawaambia mwenyewe, sitousingizia umeme. Na mtu akinambia redio yake inanguruma, nitakwenda kwake kwanza, kabla ya kushika bisibisi.

Kwaheri, Ami yangu. Mungu akupe nafasi kaburini. Niombee nisitetemeke sauti kesho.

Mwanafunzi wako,
Zuhura