Mama, Mlango wa Nyuma Bado Uko Wazi

Mama, leo umetimia mwaka tangu ulipofumba macho, na nyumba bado haijauzoea ukimya wako.

Hukumwacha mtu atoke kwetu na kifungo kinachoning'inia. Hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki ulimvua shati palepale: "Lete hapa, baba. Utapitaje barabarani hivyo, kama huna kwenu?" Akazibua sinki akiwa na fulana tu, anacheka.

Kiwandani ulikokuwa ukishona nguo, mlango wa nyuma wa ukumbi wa ushonaji ulifungwa kwa kufuli muda wote wa kazi, eti vitambaa visiibwe. Moto ungezuka, mngetokea wapi? Asubuhi moja ukasimama kando ya cherehani yako, ukagoma kukaa.

"Mama, leo hukai?" msimamizi akakuuliza.

"Nitakaa, mwanangu. Wewe fungua tu. Mimi nina watoto, sina mabawa."

Wenzako wakacheka, kisha mmoja mmoja wakasimama nawe. Mlitishiwa kufukuzwa, hamkukaa. Kufuli likatolewa, na tangu hapo ikawa desturi yenu: hakai mtu kabla mlango haujafunguliwa. Nawe wakakuita Mama Mlango.

Hospitalini, sauti ikiwa imekwisha, uliniambia, "Wasije wakaufunga tena." Nilikushika mkono tu.

Sasa ninalo jibu, Mama. Alikuja msimamizi mpya, akalirudisha kufuli. Shoga yako mpiga pasi anasema ukumbi mzima ulisimama, hata wasichana wageni ambao hawakuwahi kukuona.

"Mnangoja nini?" akafoka.

"Tunamngoja Mama Mlango."

"Ndiye nani huyo?"

"Wewe fungua, atapita."

Akafungua.

Nimemaliza chuo, na nimeanza kazi katika chama cha wafanyakazi. Naamini itafika siku ambapo mshonaji atakaa tu kwenye cherehani yake na kufanya kazi, bila kuuliza atatokea wapi. Laiti ningekusimulia hayo jikoni, wewe ukinikatiza, "Kula kwanza."

Jioni Baba hafungi mlango mpaka giza liingie. Anasema anataka upepo. Lakini ndiyo saa uliyokuwa ukirudi, nasi sote tunajikuta tunatazama hukohuko.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, wakwe zako, wajukuu zako, dada yako uliyemlea, na mashoga zako wote wa ukumbi wa ushonaji.

Daima tutakukumbuka, Mama. Hawajaufunga.