Paneli Iliyotazama Kusini

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nesi Teodora ameita kwa redio kutoka zahanati ya kisiwani. Friji ya sola tuliyomfungia mwezi jana imefika nyuzi kumi na tatu. Chanjo haitakiwi kuzidi nane. Boti ya wilaya inapeleka chanjo ya surua Ijumaa. Friji isipopoa, inarudi nayo. Watoto sitini wanangoja.

Bwana Bagenda, mwenye kampuni yetu, anasema paneli mpya, betri mpya, basi kosa ni la zahanati. Fundi Maige akanitania: "Karani, msomi ni wewe. Tuambie jua limehamia wapi."

Jumanne, 13 Juni

Nimeurudia mwongozo wa kufunga paneli. Mwanga ukigonga paneli, umeme unaanza kutembea — ni mwanga, si joto. Umeme unajaza betri, betri inalisha friji hata usiku. Mwanga ukija kwa ubavu, umeme unapungua sana. Kisha: elekeza kusini, inamisha nyuzi hamsini. Nilitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, neno kwa neno. Karatasi zimekwenda zahanati sita.

Sioni kosa.

Jumatano, 14 Juni

Nimeliona. Saa sita mchana, hapa Kirumba, mbele ya ofisi: kivuli cha mlingoti kimelala upande wa kusini. Basi jua liko kaskazini!

Kitabu kiliandikwa Ulaya. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko jirani na Ikweta, na mwezi Juni linatupita kaskazini. Paneli zetu zimeligeuzia jua mgongo. Na mimi nilipata A ya Jiografia.

Kaka alipunguzwa kazini Machi. Nikifukuzwa na mimi, nyumbani Buhongwa watamtegemea nani?

Alhamisi, 15 Juni

Nilianza na Maige. Hakucheka. Anasema siku ile ya kufunga aliona paneli imekitazama kivuli chake yenyewe. Nikamuuliza, mbona hukusema? "Karatasi ilikuwa na mhuri, Jovinary. Mimi ni nani nibishane na mhuri?"

Mhuri niliupiga mimi.

Kisha kwa mzee, Bwana Bagenda. Shikamoo — marahaba, sema. Nikasema yote, nimesimama. Akaagiza: niondoke alfajiri na Maige. Na zahanati zile tano nyingine niziandikie barua, kwamba mtengenezaji alikosea. "Kampuni bado changa, kijana. Unanielewa?"

Ijumaa, 16 Juni — kisiwani

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumeigeuza paneli. Sasa imelala karibu bapa, imeinama kidogo kaskazini ili mvua iteleze. Mshale wa kipimo cha betri ukapanda hapohapo.

Teodora ameshika kiuno. Kumbe ni hivyo tu? Na yeye kila asubuhi juu ya ngazi, anaifuta vumbi mpaka bega linamuuma. Nikamwambia kosa ni langu. Akaniangalia. "Haya. Umekuja kurekebisha. Kunywa uji."

Saa sita, friji nyuzi kumi na moja. Saa nane, nyuzi tisa na nusu. Anga jeupe, hakuna wingu.

Boti ya wilaya imetia nanga. Bwana chanjo anasema atasubiri saa moja, si zaidi. Kina mama wameshakaa kwenye majani.

Barua iko gotini. Niliandika "Mtengenezaji", nikakata. Chini yake: "Mimi, Jovinary, karani, ndiye niliyetafsiri." Nakala kwa Bwana Bagenda.

Teodora amefungua friji, ameinama kusoma. Nyuzi nane na nusu, anasema. Zimebaki dakika ishirini boti iondoke.