Usinishukurie Tena Kanisani

Kilosa

Mama mpendwa,

Mwangaluka mayu, shikamoo. Kwanza nakuulizia mguu: ule uvimbe umeshuka, au bado unakwenda shambani unachechemea? Mimi mwili mzima, ila moyo unaniuma. Kabula mdogo wangu, wewe ndiye unayemsomea mama, basi usiruke mstari hata mmoja. Nakujua, mabaya huwa unayameza.

Mama, nimefukuzwa kazi ya ukarani wa mizani. Barua ya Kabula ilisema ulisimama kanisani ukamshukuru Mungu kwamba, wakati wakulima wa Ngulyati wanalia na makarani wa pamba, mwanao haibi. Niliisoma mara moja nikaikunja. Mama, nilikuwa naiba tangu msimu uliopita. Bosi wangu, mmoja wa hawa wanunuzi binafsi, alinionyesha skrubu ya kukaza ili mizani isome pungufu. Nikakaza. Nilijiambia wote wanafanya hivyo.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja na mafurushi mawili, pamba safi mbali, fifi, ile yenye madoa, mbali, kama wewe. Vibarua wakamcheka: "Mama, ushirika ulishakufa. Siku hizi bei ni moja, changanya tu."

Akajibu, "Najua, wanangu. Nimezoea hivi."

Nikakuona wewe zamani kwenye mkeka wa kuchambulia, unatupiga vidoleni tukificha yenye madoa ndani ya nyeupe. "Mnunuzi haoni, Mungu anaona." Na bado nikampimia kwa mizani ileile. Akasema, "Mungu akutunze, baba," akaenda zake.

Kesho yake nikalegeza skrubu, nikapima haki mpaka jioni. Bosi alipogundua akanitimua mbele ya watu. Tangu hapo nimezunguka vijiji vitatu kumtafuta yule mama nimwombe radhi. Jina lake silijui, na sijampata. Nakiri nilikukasirikia. Wenzangu wanakaza skrubu na wanalala fofofo, mimi nikailegeza kwa sababu ya maneno uliyonitia nikiwa mdogo. Sasa kazi sina, na yule mama hajalipwa haki yake.

Jumapili usinishukurie tena. Ukitaka kunitaja, sema ukweli. Ukiona aibu, kaa kimya, sitakulaumu. Ila usiwaambie mimi ni mwema.

Nisalimie mjomba Sayi wa Nkoma, aliyenifundisha kusoma mizani, na bibi mzaa baba, kama bado ananikumbuka. Watoto wa Kabula wote nawasalimu.

Nataka kurudi nyumbani tuchambue pamba pamoja, lakini sitapanda gari mpaka Kabula aniandikie neno lako mwenyewe. Fifi hukuitupa hata siku moja, mama. Uliifunga peke yake, ukaipeleka ushirika pamoja na safi. Nami nifunge peke yangu, nimekubali. Usinitupe tu.

Mwanao,
Elia Masanja