Ukuta Wangu Una Milima na Bibi Harusi Yuko Njiani

Mpendwa Shangazi, nakuomba uninusuru kabla sijarudi kiwandani kwa aibu, maana haya yaliyonipata hata nikimweleza mtu ana kwa ana atacheka, na mimi mwenyewe ningecheka kama sebule ingekuwa ya mtu mwingine. Mimi ni fundi cherehani, magauni ya harusi nimejifunza kwa mama yangu tangu sijavunja ungo, ila kwa miaka mingi nimekuwa kiwandani nikiunga mikono ya mashati, shati baada ya shati, mpaka mwaka huu mume wangu aliposema basi mke wangu, acha kazi ya watu, sebule yetu ni kubwa, weka cherehani pale wateja waje, nami nikaacha kazi kwa mbwembwe, nikawaaga wenzangu nikiwaambia wakitaka kupendeza wajue pa kunipata.

Sasa Shangazi, sebule ni kubwa kweli, lakini nyumba hii mume wangu na mdogo wake waliipiga lipu wenyewe ili kubana matumizi, na wala si mafundi, mmoja dereva wa lori na mwingine anauza vipuri, kwa hiyo kuta zina mabonde na milima, kando ya dirisha kuna ufa, na sisi tulishazizoea, ila nilipojua wateja wanakuja nikasema lazima nipapendezeshe, nikanunua rangi ya mafuta nyeupe, ile inayong'aa, nikijua harusi na kung'aa ni kitu kimoja, nikapaka mwenyewe mpaka bega likavimba. Lo! Asubuhi jua lilipoingia dirishani ukuta ukaonyesha kila uvimbe, hata ule ambao sijawahi kuuona tangu niolewe, na jioni nikiwasha ile taa ndefu ya mrija iliyobanwa ukutani ndiyo balaa kabisa. Nikaona nifunike, nikanunua karatasi za ukutani zenye mistari ya dhahabu, nikabandika ukuta wa mbele, basi mistari ikaanza chini imesimama vizuri, ikafika juu imelala upande, kila anayekaa kwenye kochi anainamisha shingo bila kujijua.

Mteja wa kwanza alikuja na mama yake, na yule mama hata magauni yangu ya mfano hakuyagusa, alitazama ukuta, akanitazama mimi, akaniuliza, "Na sindano unaishika kwa mkono huohuo uliobandika hii?" Wakaondoka na "tutawasiliana", na mpaka leo kimya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, naye alikuwepo, na mdomo wake unajulikana mtaa mzima, akasema, "Nilisema mimi. Gauni la harusi halishonwi kwenye ghala. Rudi kiwandani wifi, usitutie aibu."

Msimamizi wa kiwanda anasema nafasi yangu ananiwekea mpaka mwisho wa wiki ijayo tu, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo anakuja bibi harusi mwingine, mwalimu wa chekechea, pamoja na mama yake, na akiondoka huyu pia basi nimekwisha, maana hakuna mwingine aliyeuliza. Mume wangu anataka tukope tubomoe lipu yote tupige upya, wifi anataka nirudi kwenye mashati, na mimi nimebakiwa na hela ya ndoo moja ya rangi na marobota ya vitambaa, nalia juu ya cherehani mpaka naogopa itaota kutu. Nikope au nirudi?

Ni mimi, Fundi Niliyekwama Sebuleni.

*

Fundi Uliyekwama,

Nimecheka. Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini humu ndani. Pole mwanangu, yule mama wa sindano alikuumiza, na mimi ningelia vilevile. Sasa futa machozi unisikilize, kwa sababu nina hasira na wewe.

Akija kwako mteja mwenye tumbo, utamshonea satini ya kubana? Thubutu! Ungemwambia mama, hebu tuchukue kitambaa kizito kisichong'aa, kidondoke chenyewe. Na akija mwenye bega moja juu na jingine chini, utampa mistari ya wima? Hata akupigie magoti usingekubali. Haya, ukuta wako una tumbo na bega limekwenda upande, na wewe, fundi mzima, uliyefundishwa na mama yako, umeuvalisha satini, na ilipokukataa ukauvalisha mistari! Kazi unayoijua kuliko mtu yeyote hapo mtaani uliiacha kwenye cherehani, ukaingia dukani kama mtu ambaye hajawahi kushika mkasi.

Usikope. Lipu ikibomolewa leo, Jumamosi bibi harusi atakuta vumbi na ukuta mbichi, na deni litabaki hata vumbi likiisha. Na kiwandani usirudi, angalau si kwa sababu ya ukuta.

Fanya hivi. Karatasi zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, zibandue zote, usibakize hata moja kwa kuionea huruma. Kisha chukua msasa, sugua ile rangi ya mafuta mpaka mng'ao wote ufe, maana rangi mpya haishiki juu ya mng'ao, itabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Futa vumbi, acha pakauke. Ufa ukwangue, ujaze puti, usawazishe. Milima iache! Umenisikia? Usianze kuhangaika na kila uvimbe, hutamaliza mpaka wajukuu. Gonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa, na pale panapolia utupu usitundike kitu kizito.

Hela ya ndoo moja inatosha. Nunua rangi ya maji isiyong'aa, rangi ya chai yenye maziwa mengi, upake kuanzia chini mpaka juu bila kuweka mkanda wa rangi nyingine. Mkanda ulionyooka kwenye ukuta uliopinda ni kuuchongea kwa watu. Ile taa ya mrija ing'oe. Taa inayomulika kwa ubavu inaupa kila uvimbe kivuli chake, ndiyo maana unaona balaa jioni. Weka taa ya kusimama, hata ya kuazima, mbali na ukuta, immulike mteja, kwani yeye ndiye anayelipa.

Ukuta ule mbaya kuliko wote, wa mbele, uvalishe pazia zima kutoka darini mpaka sakafuni, na usibane kitambaa, marinda yawe mengi. Marobota unayo, cherehani unayo, unasubiri nini? Kioo chako kikubwa kiweke upande wa pili, ili bibi harusi akijitazama aone gauni lake na nyuma yake pazia.

Mumeo anayetaka kukopa mpe ngazi atundike fimbo ya pazia, kwani milima ni yake. Na wifi yako mwenye mdomo mpe msasa. Mtu akishasugua ukuta kwa mikono yake hatausema tena vibaya, utaona.

La mwisho, na hili ndilo nitakalokugombeza nalo hata tukikutana barabarani: Jumamosi usimwombe mtu radhi kwa ajili ya ukuta. Hata neno moja. Mkaribishe bibi harusi, mketishe mama yake, chukua tepu yako, upime.

*

Wasomaji wangu, wiki iliyofuata fundi akaandika tena. Naichapa barua yake kama ilivyo.

Shangazi! Shangazi wee! Sijui nianzie wapi, wifi nilimpa msasa akaguna, akasema yeye si kibarua wangu, halafu akasugua mpaka akawa ananifukuza mimi, "Toka hapo wifi, hujui kusugua," na mume wangu akapanda ngazi akaweka fimbo ya pazia akiuangalia ule ukuta wake kwa karibu, akasema, "Kumbe tuliharibu namna hii?" tukacheka mpaka ngazi ikatikisika.

Jumamosi mwalimu akaja na mama yake, ulimi ukatamani kusema samahani kwa hizi kuta, nikaung'ata. Nikamvalisha gauni la mfano, nikalibana nyuma kwa pini, akasimama mbele ya kioo, taa inammulika, pazia limeshuka nyuma yake, na mama yake akainuka kwenye kochi, akaziba mdomo kwa mkono, akasema, "Mwanangu," tu, basi, akalia. Wifi naye akalia! Nikatazama huku na huku, na Shangazi, mtu aliyekuwa anautazama ukuta mle ndani ni mimi peke yangu.

Wameagiza gauni lake na magauni ya wasimamizi wake wote, na wifi akawaambia, kifua mbele, "Huyu ni wetu, sisi ukoo mzima anatushonea," wakati hajawahi kuniletea hata kifungo.

Walipotoka tu simu ikalia, msimamizi wa kiwanda, anauliza Jumatatu nakuja au haji mtu. Nikamwambia haji mtu. Nikamwambia pia nimesikia binti yake anaolewa, namkaribisha sana, ila wapige simu kwanza, maana Jumamosi zangu zimeanza kujaa.