Wawili Kwenye Gogo Moja

Jumatatu, 6 Mei
Nimehesabu vifaa tena. Tezo tatu za kuchongea magogo, misumeno miwili, patasi tano. Wanafunzi kumi na wawili, wote wana vidole vyao. Somo lile lile: miguu iwe mbali na tezo, mchongaji mmoja kwa gogo moja, aliyechoka aseme. Wanaitikia kwa pamoja. Kuitikia si kusikia. Daraja la kijito cha Bigwa bado ni magogo yenye magome. Mvua.

Jumatano, 8 Mei
Mkuu wa shule kaja bandani. Mdachi huyu haji ila ana jambo. Mgeni mkubwa atashuka stesheni wiki ijayo, na mkuu anataka kumvusha kwenye daraja lililojengwa na watoto. Nikamwambia hatuwahi. Akatazama saa yake. Nikakubali. Naona haya.

Alhamisi, 9 Mei
Nimewaweka wawili wawili kwenye gogo moja. Najua ni kosa. Hakuna aliyeumia. Kesho tena.

Ijumaa, 10 Mei
Mkude kaumia. Tezo ya mwenzake iliteleza kwenye mti mbichi, ikamwingia mguuni chini ya goti. Miaka kumi na mitatu. Hakulia. Nimemfunga kwa kilemba changu, nikambeba mgongoni hadi kwa daktari. Sala ya Ijumaa imenipita.
Mkuu aliuliza: mtoto alisimama mahali palipokatazwa?
Nikasema ndiyo.
Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 11 Mei
Mkude akipona atachapwa viboko vitano, kisha afukuzwe. Mguu umevimba. Ana homa. Mjomba wake kashuka kutoka mlimani. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilitaka anitukane. Akanishukuru kwa kumbeba. Kisha akauliza, "Mwalimu, ni kweli ulimkataza, naye hakusikia?" Nikajibu mtoto apumzike kwanza. Mwoga mimi.

Jumapili, 12 Mei
Wale kumi na mmoja walikuwepo, wanajua, na wamenyamaza. Wamejifunza kwangu. Nikisema kweli, ni hamsa-ishirini, viboko ishirini na tano vya bomani, na labda kazi nayo. Nimewaona watu wanaotoka kuchapwa. Hawatembei kama watu.

Jumatatu, 13 Mei
Nimesema. Mbele ya mkuu, mbele ya mjomba. "Mimi ndiye niliyewaweka wawili. Mkude alisimama pale nilipomwambia asimame." Mkuu akaandika, hakuinua macho. Mjomba alinitazama mpaka nikaona afadhali kiboko.
Bandani nimerudisha mmoja kwa gogo moja. Hatutawahi. Basi.

Jumatano, 15 Mei
Hamsa-ishirini. Nilipiga kelele kabla ya kufika kumi.

Ijumaa, 17 Mei
Naandika nimelala kifudifudi. Mgeni kaja, kaenda, daraja hakuna. Gogo tulilolimaliza limepasuka kati. Nilidhani wanafunzi watakata tamaa. Nimeambiwa walikwenda wenyewe kuchagua mti mwingine, wakaanza kubandua magome upya. Kazini nimebakizwa; fundi mwingine hakupatikana. Adhabu ya Mkude imefutwa. Homa yake imeshuka, mguu bado haukunjiki. Daktari hasemi kama utakunjika. Hilo ndilo linalonila.

Jumanne, 28 Mei
Mkude karudi, na mkongojo. Mjomba kamleta hadi mlangoni, kaniachia mkungu wa ndizi, kaondoka. Nimempa mtoto kazi ya kukaa, kupiga randa mbao za kushikia mkono darajani. Mimi kukaa bado siwezi. Nikasimama karibu yake. Wengine walikuwa nje na gogo lao.
"Bado panauma, mwalimu?"
"Bado. Na wewe?"
"Bado."
Akaendelea kupiga randa.