Mfuko Wetu Wenyewe

Jumapili, 4 Machi 1984
Nimepiga pasi ovaroli mbili, ya baba na ya mwana. Wote kiwanda kimoja cha blanketi. Nani mwingine hapa mtaani Jericho ana hilo? Baba Wycliffe anastaafu Desemba. Pensheni ikitoka tunajenga kwetu Butere, nyumba ya madirisha ya vioo. Na Wycliffe ndiye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale. Akiongea, watu wazima wananyamaza. Nilimzaa mimi.

Jumatano, 14 Machi
Chama kinataka viwanda vyote vya huku viwe na mfuko mmoja wa pensheni. Sisi tuna wetu, wa kiwanda peke yake, anaushika tajiri, mwenye kiwanda. Wycliffe hataki kuchanganya. Eti jasho la blanketi liende kulisha watu wa sabuni? Mama Mutua wa mlango wa pili, mumewe ni dereva wa hao wa sabuni. Tukiwa mferejini akaniambia, "Chungu hakikai juu ya figa moja, mama." Nikamwambia figa letu ni mlima. Nilicheka peke yangu.

Jumamosi, 17 Machi
Kura imepigwa, ya kuinua mikono. Mkubwa wa chama alieleza vizuri: kiwanda kimoja kikianguka, vingine vinashika. Watu wakaanza kuyumba. Ndipo mwanangu akauliza swali moja tu. Huo mfuko wa pamoja una lori? Maana mtu wetu akifa, lori la tajiri linampeleka mpaka kwao, Butere au Kitui, bila kulipa. Mikono yote ikaenda kwa mfuko wetu. Hata wa baba yake. Wycliffe alibebwa mabegani. Nimechinja kuku. Majirani wamekula mapaja, mimi shingo. Najivuna na sijifichi.

Jumatatu, 13 Agosti
Mnyororo langoni. Tajiri hayupo. Watu wa benki wanasema mashine ni zao. Lori pia wamelichukua. Wanaume wamekaa kando ya barabara mchana kutwa, kama waliowahi matanga kabla ya maiti.

Ijumaa, 24 Agosti
Mkubwa wa chama alikuja nyumbani. Pesa za mfuko wetu tajiri alikikopesha kiwanda, na kiwanda ni chake. Zikanunua mashine. Mashine ni za benki. Basi. Ujana wote wa Baba Wycliffe umefumwa ndani ya blanketi za watu. Yeye aliomba chumvi tu. Wycliffe hakula.
Namwogopa mwanangu. Sitaki anitazame aone ninachofikiri.

Jumanne, 11 Septemba
Sabuni nao wamefunga. Baba Mutua hana kazi, lakini pensheni yake ipo. Viwanda vilivyobaki kwenye mfuko vinaibeba. Nilingoja Mama Mutua anicheke. Akaniletea unga wa mahindi ya manjano, ule wa msaada wa njaa. "Pika, mama. Mdomo upumzike kidogo." Ndivyo alivyo. Nimepokea.
Jioni wanaume wawili wa blanketi walisimama mlangoni. "Lori! Toka utupeleke kwetu." Wycliffe hakutoka. Nilitoka mimi, na mwiko. Wakaondoka, lakini polepole.

Jumapili, 7 Oktoba
Wycliffe amerudi kanisani. Alikaa nyuma, upande wa wanaume. Waliokuwa kwenye benchi lile wakahama mmoja mmoja. Hata wale waliombeba. Mimi kwa akina mama nikashika kitambaa changu tu. Sikuwa na la kujisifu.
Baba yake alikuwa mbele na wazee wenzake. Kesho anaanza ubawabu kule mtaa wa Baba Dogo, kulinda stoo ya mbao, na magoti yake hayo. Matangazo yakisomwa akainuka. Akatembea mpaka nyuma, akakaa na mwanawe.
Wycliffe akasogea kumpa nafasi, ingawa benchi zima lilikuwa tupu.