Mpira Usiguse Maji

Jumanne, 4 Juni 2024

Nusu ya uwanja wetu iko ndani ya ziwa. Tangu Aprili Tanganyika imepanda na haijataka kurudi. Goli la upande wa chini limesimama majini, linaoga. Tumebaki na nusu ya juu, nayo ni matope. Mpira ukianguka — pwa! — umekwama pale pale. Haudundi hata kidogo.

Kocha Marie-Jeanne ametutazama tukihangaika, sisi wanawake kumi na wanne wa timu ya Mawimbi, akapiga filimbi. Akasema basi, kuanzia leo hakuna mtu kungoja mpira uanguke. Tutaupiga ungali hewani. Yeye anaiita *volée*, Kifaransa cha enzi zake alipokuwa anacheza Bukavu. Mimi naandika voli.

Nimejaribu mara kumi na mbili. Mara tisa, hewa tupu. Mara moja nimepiga goti langu mwenyewe — sijui hata inawezekanaje! Mara moja ziwani. Mara moja tumboni mwa kocha.

Miye, Noella, mwalimu wa darasa la tano, mama wa watoto wawili, miaka thelathini na mbili. Nimecheka mpaka nikakaa kwenye matope.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna mazoezi. Kiboko amelala karibu na kona. Tumemwachia kona yake.

Jumapili, 9 Juni

Habari kubwa. Tarehe 30, sikukuu ya uhuru, tumealikwa Luvungi kucheza na wanawake wa kule. Mwaka jana walitufunga tano bila! Hapa hapa Uvira, mbele ya waume zetu. Bado naona aibu nikikutana na muntu wa Luvungi, hata akiwa mpita njia tu.

Kocha anatafuta namba tisa mpya, kwa sababu Olga, mfungaji wetu, amejifungua wiki iliyopita. Mtoto wa kike, kilo nne! Tumebaki wawili wa nafasi hiyo: mimi na Blandine, anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Blandine ana mbio. Mimi nina hamu. Kocha amesema waziwazi: atakayejua voli zaidi ndiye ataanza.

Nimemweleza Fiston, mume wangu. Amefurahi. Mama yake hakufurahi. Mama Ernestine anaishi nasi tangu maji yaingie nyumbani kwake. Alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Akauliza kama ni kweli mwalimu, mke wa muntu, atainua mguu mpaka hapa — akaonyesha kiunoni — mbele ya watu wa Luvungi.

"Ndiyo, Mama. Nikiweza."

Akarudi kwenye mboga zake, akavunja kila kijiti kwa nguvu. Nyumba nzima inasikia.

Jumatano, 12 Juni

Kocha ameniambia kosa langu.

"Weye unatazama goli! Goli iko tu pale, haiendi popote. Tazama mupira!"

Na kosa la pili: naegemea nyuma, ndiyo maana mpira unapaa kama unataka kuvuka kwenda Burundi. Kifundo kikaze. Vidole chini. Mwili mbele, juu ya mpira. Na usitumie nguvu nyingi — nguvu mpira umekuja nayo tayari.

Leo nimepata mara mbili kati ya ishirini. Mbili! Sauti yake ni nyingine kabisa, fupi na kavu: pa! Na mguu hausikii uzito wowote. Nimerudi nyumbani nikiimba. Fiston ameuliza kama tumeongezwa likizo.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi!

Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba, najirushia mpira kwa mikono na kuupiga ukutani. Vibaya vibaya. Mama Ernestine akatoka jikoni, akasimama, akanitazama muda mrefu. Nikajiandaa kwa maneno.

"Mama Amandine," akasema — ananiita kwa jina la binti yangu mkubwa — "uko unajirushia vibaya. Leta."

Akachukua mpira! Akaurusha kutoka chini, taratibu, ukafika mguuni kwangu kama umewekwa pale na mtu. Akarusha tena. Na tena. Haukosei, ule mkono. Nikamuuliza, Mama, hii umejifunzia wapi? Akasema kabla ya kuolewa alifanya kazi kwa wajenzi, kazi yake ilikuwa kuwarushia matofali mafundi walio juu ya ukuta. Ukimrushia fundi vibaya, anaanguka yeye.

Miaka tisa niko kwenye familia hii. Sikujua!

Lengalenga zimeungua. Fiston amekuta hakuna chakula, na mama yake anapiga kelele uani: "Mwili mbele! Mbele, mbele!" Amekaa kwenye ngazi, akala mkate mkavu, akatutazama mpaka mwisho.

Alhamisi, 20 Juni

Tisa kati ya ishirini. Mama Ernestine anahesabu kwa sauti, mtaa mzima unajua hesabu yangu. Jirani amenisalimia: "Tisa, habari ya leo?"

Jumanne, 25 Juni

Kocha amemchagua Blandine.

Jaribio lilikuwa la haki. Kila mtu mipira ishirini. Yeye kumi na mmoja, mimi kumi. Mpira wangu wa mwisho uligonga mwamba, ukarudi. Nimemkumbatia Blandine, na nilimkumbatia kweli. Kisha nimeenda kunawa miguu ziwani kwa muda mrefu kuliko matope yalivyohitaji.

Mama Ernestine alitaka kwenda kuongea na kocha. Nimemzuia mlangoni. "Kumi!" alikuwa anasema. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa unapiga goti lako!" Nimeanza kucheka, naye akaanza. Tumecheka pale mlangoni kama wasichana.

Nitakaa benchi. Sawa. Lakini nitakaa benchi nikijua kupiga voli.

Jumapili, 30 Juni — Luvungi

Naandika kando ya uwanja, mguu wangu ndani ya beseni la maji baridi. Mchezo umesimama.

Haraka, kabla hawajaanza tena. Tumekuja kwa kamioneti, tumeimba tangu Kiliba. Mama Ernestine amejialika mwenyewe, amekaa mbele na dereva. Uwanja wa hapa ni mkavu, vumbi tupu, mpira unadunda mpaka kichwani. Mapumziko tulikuwa nyuma, moja bila. Kisha Blandine akakimbia, akawaacha wawili, akasawazisha! Tulipiga kelele za kutosha mwaka mzima.

Zimebaki kama dakika kumi, Blandine akakamatwa na msuli. Kocha akanigeukia. "Noella. Ingia."

Kona yetu. Beki wao akaupiga kwa kichwa, mpira ukapanda juu sana. Wanawake wa Luvungi wakasimama kuungoja utue — wao wana uwanja mzuri, wamezoea kungoja. Mimi sijazoea. Nikatazama mpira tu. Pa! Nimeupata. Nimeupata sawasawa!

Ukapita upande wa ndani wa mlingoti wa kushoto. Nimeuona. Lakini wavu wao ni wavu wa zamani wa wavuvi, una tundu kubwa pembeni, mpira ukatokea huko na kuingia shamba la karanga. Mwamuzi, Bwana Clovis, alipofika hakukuta kitu wavuni. Wao wanasema umepita nje. Sisi tunasema ndani. Kwa furaha Blandine amekuja akichechemea kunirukia, akatua kwenye kidole changu kikubwa. Ndiyo hili beseni.

Dakika ishirini sasa wanabishana. Mama Ernestine yuko golini kwao, amepitisha mkono wote kwenye lile tundu, anamwonyesha mwamuzi. Mashabiki wa Luvungi wanampigia makofi, hata wao.

Mwamuzi amewaambia wote warudi nyuma. Amemwita kipa wao, Habonimana, mwanamke mrefu ambaye hajasema neno tangu nipige. Yeye peke yake alikuwa pale. Amekaa chini muda huu wote. Sasa anasimama. Anajipangusa vumbi. Wenzake wanamwita kwa jina, wawili watatu, kwa sauti ya chini. Hageuki.

Wote wanamtazama yeye. Hata Mama Ernestine.

Amefika mbele ya mwamuzi, lakini hamtazami yeye. Ananitazama mimi. Amevua glavu moja, ameinua mkono, anaonyesha lile tundu. Ndani!